Mlima wa Rangi Nzito

Mtu aliyesimama ukingoni mwa mto na nguo zake mwilini anaweza kugeuka na kurudi nyumbani, wala hakuna atakayemcheka. Aliyekwisha kuzivua hana tena njia hiyo. Baridi imekwisha kumpata, na macho ya watu yako mgongoni pake. Ndiyo maana tunaambiwa kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni maneno mepesi mdomoni. Uzito wake aliujua mchoraji mmoja aliyeitwa Unyoya.

Jina hilo alibandikwa na wateja wake, kwa sababu brashi yake iliigusa turubai kama unyoya unavyogusa shavu. Alichora mandhari kwa rangi za mafuta: mabonde, mashamba, mito iliyotulia kama maji mtungini. Rangi aliizimua kwa tapentaini hadi ikawa nyembamba kama chai ya mtu bahili, kisha akaisawazisha hata usingejua brashi ilipita wapi. Picha zake zilitundikwa kwenye hoteli na katika vyumba vya kungojea madaktari. Zilikuwa nzuri, na hazikumsumbua mtu.

Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa, na mlima uliokuwa juu ya mji ukameguka. Ulishuka asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa chai, ukaufukia mtaa mzima uliokuwa chini yake. Dada yake Unyoya alikuwa humo. Mume wa dada huyo, muuguzi, alinusurika kwa kuwa alikuwa zamu hospitalini. Tangu hapo Unyoya hakutia mguu upande ule wa mji. Mama yao, ambaye sasa aliishi naye, kila mvua iliponyesha alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, mbali na kuta, mikono mapajani, akayasikiliza mabati.

Jamaa za waliofukiwa walijenga ukumbi mdogo wa kukutania. Siku ya kuufungua, muuguzi alisimama mbele ya wote akamwomba shemeji yake awachoree ule mlima, picha kubwa ya kujaza ukuta wa mbele. Watu wakageuza shingo kumtazama. Unyoya akajikuta anasema ndiyo, kabla hajauuliza moyo wake.

Alirudi nyumbani kijasho chembamba kikimtiririka. Hakuthubutu kwenda kuutazama mlima. Alitafuta picha ya zamani iliyopigwa kabla ya maafa, akauchora kutokana nayo taratibu, wa kijani, laini kama mto wa kulalia. Alipomaliza akamwita shemeji yake. Muuguzi aliitazama picha, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "huu ni mlima wa kalenda. Uliotuua si huu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Unyoya akaanza kutafuta mlango wa kutokea. Alimwambia kwamba macho yanamsumbua, kwamba wako wachoraji wengine hodari. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba watu wamekwisha kuambiwa ni yeye, na kwamba wapo wazee wanaopita ukumbini kila mara kuuliza kama picha imefika. Unyoya akakata shauri kwenda kuutazama mlima wenyewe.

Walikwenda pamoja mchana, wakasimama upande wa pili wa bonde. Kovu lilianzia kileleni likashuka hadi chini, jekundu, pana, nyama ya mlima ikiwa wazi. Hakuna nyasi iliyothubutu kuota hapo. Kijiwe kimoja kiliporomoka mahali fulani juu, na Unyoya akamshika shemeji yake mkono. Hata hivyo alitoa mkaa na karatasi akachora haraka, meno yakigongana. Hapo ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa ameichora sura ya mlima, lakini mlima ule ulikuwa uzito kabla ya kuwa sura, na rangi ya kuzimuliwa haiwezi kubeba uzito.

Kesho yake alitandaza turubai mpya. Tapentaini aliiweka kando. Alikamua rangi kutoka kwenye mirija ikalala juu ya kibao kama dongo la mfinyanzi, akachukua brashi pana ya kupakia ukuta na kisu kikubwa cha rangi. Kazi ya namna hiyo aliijua tangu alipokuwa mwanafunzi, na tangu wakati huo aliiogopa. Rangi nyembamba humsitiri mchoraji. Akitetemeka, huipitishia brashi tena na mtetemeko ukafutika. Rangi nene haifichi kitu. Unaichota kwa brashi, unaiweka mara moja, unaiacha. Ukirudi kuipapasa, rangi zinachanganyika na kugeuka tope.

Anga aliiweka vizuri. Mabega ya mlima pia, kwa mapigo mapana ya kijani kibichi na zambarau. Alipofika kwenye kovu, mvua ikaanza kupiga mabati. Kwanza matone machache, kisha kishindo kimoja kisichokatika, mpaka chumba kikawa kama kimo ndani ya ngoma. Nywele zikamsisimka. Alichota rangi nyekundu kwa kisu, akaiteremsha kutoka kileleni, nene kama kidole. Kuiona tu moyo ukamruka. Akarudi kuilainisha, na pale pale wekundu ukaingia kwenye kijani, kijani kikaingia kwenye zambarau, na ubavu mzima wa mlima ukawa tope la kahawia linaloteremka mbele ya macho yake. Ilikuwa kama ameyaleta maafa ndani ya nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Akageuza kisu ili akwangue kila kitu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameacha kigoda chake, na mvua bado inanyesha. Uso wake ulikuwa umepauka, na mkono mmoja umeshika fremu ya mlango kana kwamba nyumba inayumba.

"Mimi huuona hivyo kila siku," alisema. "Ukiukwangua sasa, mwanangu, nitabaki nao peke yangu."

Unyoya akakwangua lile tope tu, mengine akayaacha. Mama akaingia, akaketi karibu na turubai, naye akichungulia dari mara kwa mara. Unyoya akachota wekundu upya. Mkono ulitetemeka, na mtetemeko ukaonekana waziwazi kwenye rangi, mifereji na matuta, lakini safari hii hakurudi nyuma. Pigo likafuata pigo. Mvua ilipokatika, shati lake lilikuwa limelowa jasho, na mlima umesimama.

Rangi nene hukauka polepole kama ndugu anavyolipa deni. Siku ya kuitundika bado ilikuwa mbichi. Pazia lililokuwa mbele yake likavutwa kando. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele alirudisha kiti nyuma. Mwingine akafunika macho ya mtoto wake. Unyoya, aliyesimama karibu na mlango, aliinamisha macho sakafuni. Laiti ardhi ingepasuka immeze.

Kisha kinyozi mzee, aliyekuwa na kibanda chake katika mtaa ule, akainuka na kwenda hadi ukutani. Akalifuata kovu kwa kidole, bila kugusa, hadi chini kabisa.

"Kibanda changu kilikuwa hapa," akasema. "Na mwanangu alikuwa ndani."

Kidole chake kikazama kwenye rangi. Akakitoa kwa hofu, akaomba radhi, akaomba aletewe kitambaa cha kufutia. Unyoya akatikisa kichwa; alama ile aliitaka ibaki. Watu walianza kuinuka mmoja mmoja: huyu akatafuta kisima, yule duka, muuguzi akatafuta dirisha la jikoni kwake. Kila mmoja alionyesha kwa kidole, na wengi wakagusa. Mama alikwenda wa mwisho, akakaa hapo muda mrefu kuliko wote.

Unyoya hakuacha kutetemeka siku ile, wala haijulikani kama aliwahi kuacha kuuogopa mlima ule. Lakini alikuwa amesema ndiyo mbele za watu, akalitimiza neno lake kwa rangi nzito na mkono unaotetemeka, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.