Barafu ya Bwana Fisi

Hapo zamani za kale sana, wanangu, wanyama wa Mkokoni walikuwa wafugaji wa kamba, hawa wa baharini wenye masharubu. Kila mmoja alikuwa na kijibwawa chake na kiburi chake. Kwa hiyo Bwana Fisi alinenepa.

Fisi ndiye aliyekuwa mnunuzi, na barafu alikuwa nayo yeye peke yake. Kazi yake ilikuwa rahisi. Asubuhi wenzake wanavua, yeye amekaa kivulini. Jua likipanda na kamba wakianza kunuka, anapita mlango kwa mlango.

"Hodi! Nusu bei."

"Nusu? Si ulisema..."

"Basi kaa nao. Jirani yako keshaniuzia."

Kisha aliwauza kamba hao kwa Nyangumi, msafirishaji, aliyewapeleka nchi za mbali wanakopendwa sana.

Msimu huo Bi Kanga alikuwa amechoka. Mara mbili kamba wake walikuwa wameoza. Fisi alishamwambia kwamba wakioza tena, amwachie bwawa kulipia deni lake. Na bwawa hilo ndilo lililowalisha vifaranga wake.

"Namwachia," alimwambia jirani yake Nguchiro. "Nimeshindwa mie."

"Usimwachie kitu! Kwani kamba akiwa bwawani ananuka?"

"Atanukaje naye yu hai?"

"Haya! Na barafu ikikaa juani je?"

"Itayeyuka!" alisema Bi Kanga. Nguchiro huyoo, mbio, nyumba kwa nyumba. Nungunungu alisema hataki kuchanganywa na wavivu. Nguchiro akakaa mlangoni pake akiongea, akiongea, mpaka mwenye nyumba akakubali ili apate kula kwa amani.

Siku ya kuvua ikafika. Alfajiri, chubwi! chubwi! Kila mmoja alikuwa akipiga maji kwa mwiko. Halafu ndoo zikapangwa barazani, zimefunikwa majani. Fisi alisikia, akamwita Nyangumi, akasomba barafu yake yote. Akakaa kivulini kama kawaida.

Jua likapanda. Fisi akajinyoosha, akaenda.

"Hodi, Bi Kanga! Nusu bei."

"Siuzi peke yangu. Muulize Nguchiro."

Fisi akafunua ndoo. Lahaula! Maji matupu. Akakimbilia kwa Nungunungu. "Muulize Nguchiro," akajibiwa. Nyumba zote jibu lilikuwa hilo hilo. Na huko nyuma barafu ilikuwa ikidondoka: to! to! to!

Akarudi kwa Bi Kanga, akanong'ona. "Vua sasa hivi, nakupa bei kamili. Wewe tu."

Bi Kanga aliugusa wavu wake. Bei kamili hakuwahi kuiona maishani mwake. Akawatazama vifaranga wake.

"Na msimu ujao?"

"Msimu ujao tutaona," alisema Fisi.

"Nilijua," alisema Bi Kanga. "Muulize Nguchiro."

Puuuu! Nyangumi alipumua huko mkondoni. "Fisi! Maji yanakaribia kupwa. Mzigo wangu uko wapi?"

"Uko huku, mzee!" Nguchiro alipiga kelele. "Wenye kamba ndio sisi!"

"Nyie? Si mnavua ndoo moja moja? Siji mpaka huku kwa ndoo moja mie."

"Ndoo moja ni ya mmoja. Leo tuko wote, na kamba wetu bado wanarukaruka. Utajaa mpaka uombe radhi!"

"Na barafu?"

"Kuna barafu pale inatafuta mnunuzi."

Wote wakamgeukia Fisi. Fisi akaitazama barafu ikizidi kupungua. Hakubishana. Aliuza iliyobaki kwa bei aliyotajiwa.

Nyavu zikaingia mabwawa yote kwa pamoja. Nyangumi akaondoka ameshiba mzigo, amelipa bei kamili na kuuliza arudi lini. Bi Kanga alilia kwa furaha, bwawa lake likabaki lake. Na Fisi? Aliomba kazi ya kuleta barafu, akapewa, ila aifikishe kabla jua halijachomoza.

Funzo lake ni hili tu: wanyonge wakiuza pamoja, mwenye haraka huwa ni mnunuzi.