Bibi Harusi Aliyesema "Siwezi"

Mama zangu na dada zangu, nitasema harakaharaka, maana mtoto wangu amelala hapo nyuma na sijui ataamka saa ngapi. Nimekuja na habari ya ushindi. Mtaogopa katikati, hata mimi huwa naogopa nikifika hapo, lakini mwisho wake ni vigelegele, kwa hiyo wekeni midomo tayari.

Kulikuwa na bibi harusi mmoja wa Muheza. Muheza mnaijua, joto na machungwa, mtu akipanda kale kamwinuko ka kanisani anasema leo amefanya mazoezi. Huyu binti aliimba sauti ya pili kwaya, na alikuwa na pumzi! Alishikilia sauti mpaka mpiga kinanda anamgeukia kama anayemwomba amhurumie vidole. Akaolewa na mwalimu wa jiografia. Na huyo mwalimu tangu kidato cha pili alikuwa na ndoto moja tu. Kwenye kitabu chao kulikuwa na picha ya mji unaoitwa La Paz, uko Bolivia, Amerika ya Kusini huko, mji uliokaa ndani ya bonde kama bakuli, nyumba zimepanda kuta za bakuli mpaka zinagusa mawingu. Akawaambia wenzake darasani, "Mimi fungate yangu nitakula pale." Walimcheka wiki nzima. Lakini akajibana, akajibana miaka yote hiyo, na kweli, harusi ilipokwisha wakapanda ndege.

Sasa sikilizeni kosa lilianzia wapi. Lilianzia Muheza, kwenye kicheni pati. Shangazi yake alimshika kidevu mbele ya wanawake wote, akamwambia, "Mwanangu, fungate ni siku saba. Ndani ya siku hizo saba neno 'siwezi' lisitoke kinywani mwako. Ukichoka, cheka. Ukiumwa, cheka. Siku ya nane utasema yote. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Wanawake wakapiga makofi, wakamfunga kanga, naye akalibeba neno lile kama amri. Nani kati yetu hakufundwa hivyo?

Ndege ilipotua tu, kifua kikambana bibi harusi. Uwanja wenyewe uko juu karibu mara mbili ya milima yetu ya Usambara, mtoto wa Muheza atapumua nini huko? Mama wa hotelini akawapa chai ya majani ya kwao, akawaonyesha kwa mikono: polepole, lala, pumzika. Wapi! Wako kwenye fungate. Siku ya pili kichwa kinamgonga, akipanda ngazi tano moyo unataka kutokea mdomoni, na mume anauliza, "Mke wangu, unajisikiaje?"

"Safi kabisa, mume wangu. Wewe je?"

"Mimi? Mimi nimezaliwa kwa ajili ya mji huu!"

Basi bibi harusi akizidiwa njiani, anainama kufunga kamba za viatu. Anafunga, anavuta pumzi, anafunga tena. Mama zangu, vile viatu havikuwa na kamba. Na mume hakuona, maana kila hatua ishirini naye anasimama kupiga picha. Picha ya mlango. Picha ya mbwa. Picha ya ukuta mtupu usio na hata rangi! Zote anazirusha kwenye grupu la familia, na Muheza wanajibu, "Hongereni!" "Mmependeza!" Shangazi akaandika, "Cheka zaidi mwanangu, meno hayaonekani."

Akacheka zaidi.

Siku ya tatu asubuhi wakaenda mji wa juu, kule kwenye ukingo wa bakuli. Kwenda huko watu hupanda vibanda vya vioo vinavyoning'inia kwenye waya, vinapita juu ya mapaa ya nyumba. Ndani ya kibanda chao alikaa mama mmoja mwenyeji, sketi pana ya marinda, kofia ndogo ya duara kichwani. Akamtazama bibi harusi. Akamtazama mume, kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole chini, mara moja, mara mbili, uso umekunjamana.

"Unaona," mume akasema kwa furaha, "anatuambia tuutazame mji!" Akapiga picha.

Walipofika juu, kumbe bado. Kuna ngazi ndefu kwenda kilimani. Mume akaonyesha kwa kidole, akasema, "Kule ndipo ilipopigwa ile picha ya kitabu. Ngazi hizi tu, mke wangu."

Bibi harusi akazitazama, akawaza moyoni. Nikisema, nimemuulia ndoto yake ya tangu utotoni. Nisiposema, nitakufa hapa, mama yangu apigiwe simu akiwa jikoni. Na leo ni siku ya tatu, ya nane iko mbali. Akacheka. Akapanda. Ngazi ya kumi. Ya ishirini. Ya thelathini macho yakaingia giza, akakaa palepale, watu wanampita, mdomo ukafunguka.

"Mume wangu. Siwezi."

"Umesemaje?"

"Siwezi! Sipumui tangu juzi! Viatu vyangu havina kamba! Nisamehe, nimekuharibia fungate."

Mume akamtazama. Simu ikashuka mkononi. Kisha naye akakaa, puu, kama gunia la machungwa.

"Asante," akasema.

"Asante ya nini?"

"Mjomba aliniambia mwanaume akilalamika kwenye fungate, mke atamwona mtoto maisha yake yote. Ule ukuta, mama, ulidhani mimi napenda ukuta?"

Wakacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu watue. Lakini cha mume kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikomi, na bibi harusi akainua macho akaona midomo ya mumewe. Imekuwa rangi ya zambarau.

"Twende chini."

"Kidogo tu, nipige picha moja..."

"Chini, sasa hivi!"

Yule aliyesema hawezi, mama zangu, akamwinua mwanaume mzima! Na pale chini ya ngazi nani amesimama? Yule mama wa kofia. Hakuwa ameondoka. Akaushika mkono wa pili, na wote watatu wakaingia kwenye kibanda, wakashuka, wakabadilisha waya, wakashuka tena, mpaka mitaa ya chini kabisa ya bonde, yule mama anawasukuma mpaka mlango wa zahanati.

Daktari akambana bibi harusi kidole na kile kidude cha kupima hewa. "Wewe umechoka, utapona." Akambana mume. Akakitazama kidude, akakifuta, akambana tena, akaita kwa sauti kubwa, na mtungi wa oksijeni ukaja mbio. Maji yalikuwa yameanza kujaa kwenye mapafu.

Hali ilipotulia daktari akauliza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Nani aliamua mshuke?"

"Mimi."

"Angefika juu ya zile ngazi, sasa hivi ungekuwa mjane."

Mmesikia? Mjane wa siku tatu! Alidhani anayekufa ni yeye, kumbe anayekufa ni anayepiga picha. Neno alilolificha asimuulie mumewe furaha ndilo lililompa mumewe uhai.

Siku ya tano mume akakaa kitandani, akaomba wimbo. Bibi harusi akavuta pumzi mpaka chini, hewa ikaingia yote, akaimba, akashikilia ile sauti yake mpaka wauguzi wakaacha kazi wakapiga makofi ya wimbo wasioujua! Kisha akarusha picha kwenye grupu: mume ana mpira wa oksijeni puani, kidole gumba juu. Chini akaandika, "Tulishindwa kupanda. Tuko hai. Haleluya." Halafu ikaingia sauti ya shangazi, hakuna neno hata moja ndani yake, ni kigelegele kirefu, na katikati yake kilio.

Sasa sisi. Sisi tuna viatu gani? Tumeinama hapa kila Jumapili tunafunga kamba ambazo hazipo. "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu." Kuna mama ana mtoto mchanga, hasinzii kwa kumwekea mkono kifuani aone kama bado anapumua, na akiulizwa anasema nzuri tu, namshukuru Mungu. Namjua mama huyo, namjua sana. Anaogopa akisema siwezi, mumewe atavunjika moyo, wakwe watasema, hata Mungu atamshangaa. Mungu akushangae wewe? Si ndiye aliyekuwa anakuonyesha kidole chini tangu kwenye kibanda, na wewe unapiga picha?

Na aliyekaa karibu yako, umemtazama? Yule anayecheka kuliko wote kwenye kikundi, midomo yake ina rangi gani leo? Labda anakusubiri wewe uanze kusema, ili naye akae chini apumue. Mkimbilie! Shukeni pamoja! Hakuna aibu kwenye kushuka, wale wawili walishuka na wakarudi Muheza wanaimba, na mtoto wao wa kwanza shangazi ndiye aliyempa jina, akamwita Pumzi.

Haya, mtoto wangu huyo ameamka, mnamsikia. Mikono yangu imechoka. Mmoja wenu akanibebee mtoto, maana mimi leo siwezi. Na ninyi wengine, ile midomo niliyosema muiweke tayari... sasa!