Huruma Isiyo na Kamba

Huruma isiyo na kamba haimtoi mtu shimoni. Mmeisikia kauli hii leo pale getini, vijana, mkauliza imetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Katika kiwanda kimoja cha sukari walikuwapo ndugu wawili, Bonifasi na mdogo wake Venansi, wasafishaji wa matangi ya molasi, yale masalia meusi mazito ya sukari. Bi Theodosia, mkufunzi wa usalama, hakuwafungia darasani. Aliwazungusha kiwandani, na kila waliposimama aliuliza, "Hapa ni nini kinachoweza kutuua?"

Kwenye tangi walijibu wenyewe: hewa. Molasi ikichacha hutoa hewa mbaya isiyoonekana. Basi wakafanya mazoezi papo hapo. Anayeingia afungwe kamba, wenzake wabaki nje, tayari kuvuta. Walivuta gunia la mchanga badala ya mtu. Venansi alilivuta huku akicheka. Aliuona mchezo wa kitoto.

Siku ya kazi tangi lilipepewa kwa feni, hewa ikapimwa, Bonifasi akafungwa kamba akaingia. Lakini alipochokoa tope la chini, hewa iliyojificha humo ikafumuka. Akapiga magoti, kisha akaanguka kifudifudi.

"Kaka!" Venansi alikwisha kuingiza mguu mmoja kwenye mlango wa tangi. Bi Theodosia, aliyekuwa akiisimamia kazi, akamkamata mkanda kwa nyuma.

"Niache, mama! Kaka yangu anakufa!"

"Ukiingia mtakufa wote."

"Huna huruma wewe!"

"Huruma isiyo na kamba haimtoi mtu shimoni. Vuta, Venansi!"

Ili avute, ilimbidi aondoke pale mlangoni, asimwone tena kaka yake. Hilo ndilo lililomshinda kwa kitambo. Kisha akaikamata kamba pamoja na wenzake. Mwili ukakwama kwenye ukingo; wakasikia mfupa ukilia. Hawakuacha. Walimlaza nje, na mwishowe akakohoa.

Hospitalini, Bonifasi aliutazama mkono wake uliofungwa plasta. "Nani kanivunja?"

"Mimi, kaka," Venansi akasema, akaangua kilio.

Bonifasi akamvuta karibu kwa mkono uliobaki mzima.

Tangu hapo, mgeni akiletwa kwenye matangi, Venansi ndiye humkabidhi kamba. Hana maneno mengi. Humwambia tu: huruma isiyo na kamba haimtoi mtu shimoni.