Sare Arobaini

Bwana asifiwe. Naona leo Umoja wa Wanawake mmekuja na sare mpya, na kwaya nao hawakukubali kushindwa. Mmependeza kweli. Mzee Mgaya pale mbele amefunga shati mpaka kidevuni, sijui atapumuaje nikichelewa kumaliza. Basi na mimi leo nimekuja na habari za sare. Nawapa fundi mmoja, mshikeni mkono, msimwachie mpaka tumfikishe kwao.

Fundi huyu alikuwa wa cherehani, katika mji mmoja wa mlimani, wakati wa vita. Mji ulikuwa na ukuta na lango moja tu, na sare za askari wake zote alizishona yeye. Kola, mifuko, pindo, kila kitu chake, isipokuwa kifungo kimoja. Kile cha juu kabisa, cha shingoni, alikuwa anakiacha. Kwa nini? Kwa sababu desturi ya mji ule ilikuwa hivi: askari akienda vitani, kifungo cha shingoni anashonewa na mama yake. Mama akiwa hayupo, basi shangazi, au mke, au dada, yeyote anayemwombea. Na uzi haukununuliwa dukani. Mama alichomoa uzi kwenye pindo la nguo aliyoivaa, akashona huku anamwombea mwanawe. Kwa hiyo ukiwapanga askari wale mstari, shingoni huyu ana uzi mwekundu, yule wa njano, mwingine wa zambarau. Na vifungo vingine vilikaa kombo, maana si kila mama ni fundi.

Siku moja fundi alibeba cherehani yake kwenda kambi ya nje ya mji, kurekebisha sare zilizochanika. Maadui wakaivamia kambi, wakamchukua yeye na wenzake kumi na tisa. Huko walikopelekwa, mkuu wa maadui alikuwa mtu nadhifu ajabu. Viatu vinang'aa, karatasi mezani zimepangwa utadhani zimepimwa kwa rula. Akamtupia fundi sare moja iliyotekwa.

"Nataka arobaini kama hii," akasema. "Askari wangu watavaa, wataingia langoni kwenu mchana kweupe, mtadhani ni watu wenu wanarudi. Tukishaingia, mji wetu."

"Afande, mle ndani kuna watoto wangu," fundi akasema.

"Ndiyo maana sikuombi. Siku nitakayokosa sare tatu hapa mezani, wenzako wote hawanywi maji."

Fundi akakataa. Siku nzima akakaa na kukataa kwake, na jua likawaka. Kesho yake asubuhi mzee mmoja kati ya wale mateka akashindwa kuinuka, midomo imepasuka, anaita majina ya watu waliokufa zamani. Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka, wewe umekunywa chai kabla ya kuja hapa. Fundi akainuka, akaenda kukaa kwenye cherehani, na moyo ukimuuma vibaya sana.

Akaichukua ile sare apime. Akaona shingoni uzi wa njano. Mkuu naye akauona.

"Na uchafu gani huu?" mkuu akasema, amekunja uso. "Sare nzuri namna hii, halafu kifungo kina uzi wa njano, tena kimekaa upande!"

Neno moja tu likimponyoka hapa, mji umekwisha.

"Hicho sikukishona mimi, afande."

"Najua hukukishona wewe. Fundi wa maana hafanyi ovyo hivi. Kwangu vyote uzi wa kijani kama hivi vingine, na vinyooke."

"Umesema zifanane," fundi akasema. "Zitafanana."

Tangu saa ile fundi akajikaza. Wapendwa, hajawahi kushona vile maishani mwake. Hakuruka mshono hata mmoja, hakuharibu kitambaa, hakuvunja sindano kwa makusudi. Alijua yule mkuu akikuta kosa moja tu ataanza kutafuta mengine. Sasa wale wenzake walikuwa wanaona nini? Walikuwa wanamwona mwenzao anamfanyia adui kazi, tena kwa bidii. Kulikuwa na mkulima mmoja, jitu la miraba minne, kila akipita anamtemea mate. "Msaliti! Unawashonea sanda wanao!" Na fundi hakuweza kumjibu, kwa sababu mlinzi alikaa pale pale siku zote. Wote kumi na tisa waliijua desturi ya kwao. Mmoja tu angetaka sahani ya ugali na nyama, au angetaka kumkomoa fundi kwa hasira, habari ingefika kwa mkuu.

Siku ya kumi yule mkulima akatumwa kupeleka robota la kitambaa. Akaingia amejiandaa na mate yake. Akakuta sare zimetundikwa kwenye kamba, shingoni zote kijani, kijani, kijani. Akaduwaa. Akamtazama fundi. Fundi hakuinua uso, alikuwa anakanyaga cherehani tu. Mkulima akakohoa, akavuta pumzi, akapaza sauti kuliko siku zote: "Msaliti mkubwa wewe! Shona! Shona vizuri!" Mlinzi akacheka. Lakini tangu siku ile, mate ya mkulima yalianguka pembeni.

Sare zikatimia. Mkuu akazikagua moja moja, akaridhika, akajichagulia iliyomkaa vizuri kuliko zote na kutangulia mbele mwenyewe. Saa sita mchana watu arobaini wakafika langoni. Mlinzi wa lango alikuwa mtu mpole wa maneno machache.

"Karibuni. Poleni na safari," akasema. Kisha akamsogelea aliyetangulia. "Nani alikushonea hicho cha shingoni?"

Mkuu akajipapasa, akacheka. "Swali gani hilo? Si fundi!"

Filimbi ikalia, na bunduki zikachungulia juu ya ukuta wote. Watu arobaini wakaweka silaha chini bila risasi hata moja kulia. Baada ya siku tatu wakabadilishwa na mateka ishirini, na fundi akarudi kwao. Cherehani alibebewa na yule mkulima, kichwani, machozi yanamtoka na hajifuti.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikutemea mate."

"Ulitema vizuri," fundi akamwambia. "Ungeacha ghafla, wangetushtukia."

Haya. Sasa naona humu ndani kila mtu ameshakuwa fundi. Hata mimi nilipoutunga mfano huu nilijikalisha kwenye cherehani kwa raha zangu. Na ni kweli, wengine wenu mnafanya kazi chini ya watu wanaowalazimisha msiyoyataka, na nyumbani kuna watoto wanaohitaji maji. Wewe nakuambia, wameishika mikono yako, uzi wa shingoni usiwape. Jikaze.

Lakini nitazameni. Mimi nikisimama hapa naona mistari ya watu waliovaa vizuri, rangi moja, wimbo mmoja, amina zinatoka kwa pamoja. Wale arobaini nao walikuwa hivyo hivyo. Hawakukamatwa kwa kukosa sare. Sare walikuwa nazo, tena nzuri kuliko za wenye mji! Walikamatwa kwa sababu hakuna aliyewaombea wakati anawavalisha, na wala hawakujua kama hilo ni kitu cha kutafuta. Mkuu wao aliuona ule uzi wa njano kwa macho yake, akauita uchafu. Na sisi je? Yule bibi anayeomba kwa kulia, anayechelewesha ibada, tunamtazama kwa jicho gani? Mama zetu waliotupigia magoti kwa Kiswahili kibovu tumewaonea haya mara ngapi, tukaona bora vyote vinyooke, vyote kijani? Tumejishonea wenyewe, ndugu zangu. Na lango lipo, tunalikaribia kila siku, na mlinzi wake hatazami kitambaa.

Leo hatutoki humu hivi hivi. Aliye na mama hai akampigie goti mchana huu huu. Asiye naye amwendee yule bibi. Na kabla hatujasimama kuomba, kila mtu apeleke mkono shingoni, Mzee Mgaya na wewe pia. Nani alikushonea hicho?