Mbavu Kumi na Tatu za Fisi

Mwaka huo mvua iliwasusa kabisa wanyama wa Bonde la Mkwaju. Vuli haikuja, masika hayakuja, na mto ukabaki mchanga mtupu. Nyama haikuwa shida, maana nyati na pundamilia walikuwa wakianguka wenyewe kwa kiu, na mla nyama hakuwa na haja ya kukimbia. Shida ilikuwa majani. Fungu moja la mchicha liliweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja.

Lakini shida ya wote ilikuwa maji. Kisima kilichobaki kilikuwa kimoja tu, na Simba alikuwa amekikalia. Si kwamba alikuwa na kiu sana. Alipenda tu kuombwa. Asubuhi moja akatangaza: "Nimechoka kula nyama mbichi kama mshamba. Mtanialika kwenu kwa zamu. Nataka mbavu za kuchoma, na pembeni yake ugali, kachumbari, mchicha na kabichi. Atakayenilisha nikaridhika, nyumba yake itateka maji mpaka mvua inyeshe. Atakayeniaibisha, asikanyage hapa tena."

Zamu ya kwanza ikamwangukia Fisi.

Fisi alirudi nyumbani. Watoto wake watatu walikuwa wamelala kivulini, ndimi nje, hawana hata nguvu za kugombana, na kwa watoto wa fisi hiyo ni dalili mbaya sana. Moyo ukamuuma. Mbavu zilikuwepo, kumi na tatu za nyati, bado zimeshikana. Mkewe alikuwa amezikalia siku mbili ndani ya gunia ili mume asizione. Tatizo ni kwamba tangu azaliwe, Fisi hajawahi kuona nyama ikifika motoni. Kwake yeye, nyama huishia njiani.

"Mama Mfupa," alisema, "nitazichoma mimi mwenyewe. Naapa sitaonja hata kidogo."

"Baba Mfupa," mkewe akajibu, "siku ya harusi yetu uliapa hivyo hivyo, wageni wakala wali mkavu."

Bi Fisi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua doti yake ya mwisho ya khanga, akaenda kwa Ngedere muuza mboga, akarudi na nyanya nne, vitunguu, pilipili kumi, kabichi moja na mafungu mawili ya mchicha. Akasonga ugali kwa maji kidogo aliyopimiwa kisimani kwa ajili ya mfalme, akaufunika. Mbavu akazipaka ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Halafu akatwaa kamba ya katani, akamfunga mumewe mdomo mizunguko saba, akakaza fundo huku amemkanyaga shingoni.

"Sasa choma, baba," akasema. "Ila mboga nani atazipika, nami nakwenda na watoto kumlaki mfalme?"

"Hodi hapa!" Sauti ilitoka uani. Alikuwa Sungura, jirani yao, kashika kisu na amejifunga kitambaa kichwani kama mpishi wa harusini. "Shemeji, nimesikia mna ugeni mzito. Nimekuja kuwapikia mboga. Na mnanijua, mimi nyama sili. Niacheni hapa na tembo mzima wa kuchoma, mkirudi mtamkuta na mkonga wake."

Bi Fisi akaridhika, na Fisi akatikisa kichwa kwa furaha. Katika nyumba ile neno mwizi lilikuwa na maana moja tu, yaani anayekula nyama. Kwamba yupo kiumbe anayeweza kuiba majani kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, hilo halikuwahi kuwapitia kichwani.

Basi kazi ikaanza. Fisi alitandaza mkaa, akasubiri moto ushuke, akaweka mbavu juu ya wavu. Ndipo mateso yalipoanza. Kila tone la mafuta lilipodondoka na kusema chwii, tumbo lake liliitika. Machozi yalimtiririka mpaka yakatishia kuzima jiko. Mara mbili alijikuta amekumbatia nguzo ya nyumba ili asirukie wavu, na kamba peke yake hakuiamini, kwa hiyo akafumba na macho. Lakini kila alipofumba macho aliziona ndimi za wanawe, kavu kama magome. Akafumbua, akageuza mbavu, akalia tena.

Nyuma yake kisu kilikuwa kinakwenda ta-ta-ta. Baadaye kisu kikanyamaza, kikasikika kitu kinatafunwa.

"Naonja chumvi, jirani," alisema Sungura.

"Mmm," alijibu Fisi.

"Haijakolea. Ngoja nionje tena. Na upande huu. Na huku chini, chumvi hukaa chini."

Fisi alimwonea huruma mno. Mtu ale kabichi, tena kwa kurudia rudia, kwa ajili ya shida ya jirani yake! Akaapa moyoni kwamba mwaka ukiwa mzuri atamzawadia Sungura paja la swala.

Mbavu zikaiva, zikawa nyekundu kama udongo, zinameta. Fisi akazipanga kwenye sinia kwa mikono yake mwenyewe, zote kumi na tatu, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona mtu. Akageuka kumwonyesha mwenzake. Bakuli la kachumbari lilikuwa tupu. Sufuria ya mchicha ilikuwa imerambwa. Ya kabichi, hata harufu haikubaki.

Kabla hajaelewa, Sungura alimbandika jani la mchicha kwenye sharubu na kumpaka maji ya nyanya puani. Mlangoni kukasikika kikohozi cha kifalme. Sungura akajitupa chini, akapiga yowe.

"Ole wetu! Mlafi amemaliza mboga za mfalme!"

Simba aliingia, nyuma yake Bi Fisi na watoto. Aliyaangalia masufuria, manyoya ya shingo yakamsimama.

"Yaani mimi nile ugali kwa nyama tu, kama mlinzi wa lindoni?" alinguruma. "Fisi! Una la kusema?"

"Mmm! Mmm! Mmmm!" alisema Fisi.

"Anasema shetani alimpitia," Sungura akatafsiri.

"Mtukufu, angekulaje mboga naye kafungwa mdomo?" Bi Fisi akalia. "Nilimfunga mimi, kwa mikono hii!"

"Alifungua, akala, akajifunga tena kwa aibu," alisema Sungura. "Na mke kumtetea mumewe ni wajibu, hatumlaumu."

Simba akainua mguu kutamka hukumu ya kisima. Watoto wakaanza kulia bila machozi, maana hata hayo hawakuwa nayo. Bi Fisi akajipenyeza mbele, akachomoa lile jani la mchicha sharubuni mwa mumewe, akakata kamba kwa jino, akamsukumia jani mdomoni.

Fisi alilitafuna mara moja. Macho yakamgeuka, miguu minne ikamnyooka, akaanguka chali mbele ya mfalme kama aliyegongwa kwa nyundo.

Simba alimtazama Fisi aliyezirai kwa jani moja. Akayatazama masufuria mawili na bakuli. Mwisho akalitazama sinia, akahesabu kwa ukucha, polepole.

"Kumi na tatu," alisema. "Mnaniambia fisi aliketi na mbavu hizi mchana kutwa, akaziacha zote, akala mchicha?"

"Ulafi hauchagui, Mtukufu," alisema Sungura, na papo hapo akapiga mbweu. Harufu ya vitunguu na pilipili ikajaa ua mzima.

"Mbavu ninazo, ugali ninao," alisema Simba, akijilamba. "Vinakosekana kachumbari, mchicha na kabichi. Na kwa ninavyonusa, vyote vitatu vimo humu uani, vimefungashwa mahali pamoja, na mahali penyewe pana masikio mawili marefu."

Sungura hakungoja sinia lisogezwe. Aliruka ua, akatokomea kwenye jua la saa nane, na huko ndiko pilipili kumi za kachumbari zilipoanza kumdai maji. Kisima kilikuwa kimoja tu, naye alijua ni cha nani. Alikimbia siku ile akilamba mawe.

Simba alikula mbavu zake kwa ugali, akalalamika kwa kila fupa, akazimaliza zote, kisha akaipa nyumba ile ruhusa ya kisima. Fisi alizinduka akakuta sinia tupu, akalia kilio cha kweli. Jioni alisimama kisimani akiwatekea wanawe, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka matumbo yao yakawa ngoma na wakaanza tena kung'atana. Aliposikia ugomvi huo akacheka peke yake.

"Baba," aliuliza Mfupa, mkubwa wao, "Sungura ana akili kutushinda sote. Alikosea wapi?"

Fisi alifikiri sana, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ukitaka kumsingizia mtu, mwanangu," alisema, "kwanza uliza anapenda kula nini."