Ruhusa Zote za Sultani Shekue

Anayedhani nitaongopa aseme sasa, nimwoneshe mlango. Shule niliiacha darasa la sita, ni kweli, lakini uongo nao una darasa lake, na huko sikukanyaga hata siku moja. Haya, bisheni.

Palikuwa na Sultani, Shekue wa Mwambachongo, mtu wa kitambi na amri, aliyetaka mji wake uwe na tovuti kama miji ya wenzake. Wa kuitengeneza alikuwa mmoja tu: Mize binti Kheri, fundi simu wa sokoni, mwanamke hana mbele wala nyuma ila ulimi, na ulimi wenyewe ukikugusa unatafuta dawa.

Mize akaijenga, akagawa vyeo. Huyu msomaji, kazi yake kusoma tu. Huyu mwandishi, aandike lakini asichapishe. Huyu mhariri, akiridhika na kilichoandikwa, aruhusu kitoke. Na juu ya wote msimamizi mkuu, anayempa mtu cheo na kumvua.

Sultani akauliza hao wengine wanafanya nini humo. Akaamuru cheo cha juu kiwe chake, uhariri wake, kila kitufe kikae chini ya kidole chake, na mji mzima uandike na kungoja. Mbiu ya mgambo nayo akaipiga marufuku: tangu siku ile, amri isiyotoka kwenye tovuti si amri. Mize akainamisha kichwa, akauliza, na kosa likitokea je?

"Ruhusa zote zangu," akasema Sultani. "Makosa yote yako. Likitoka moja tu, unahama mji."

Basi mji ukawa kichekesho. Kila tangazo linangoja kidole cha Sultani, na kidole cha Sultani kiko kwenye pilau. Mwaliko wa harusi ya akina Mbwarahaji ulitoka bibi harusi ana mimba ya miezi mitano. Mzee mmoja alipotelewa na mbuzi. Tangazo lilipotoka, mbuzi alikuwa amesharudi mwenyewe, kaliwa, na ngozi yake imeshakuwa msala. Watu wakanung'unika mpaka kero ikafika ikulu. Sultani akafungua, akakuta matangazo mia tatu yamepiga foleni. Akabonyeza "Ruhusu yote" bila kusoma hata moja, akarudi mezani.

La kwanza kabisa lilisema: Tanzia. Sultani Shekue amefariki. Mazishi baada ya alasiri.

Mji ukaja. Wanaume na kofia zao, wanawake wakilia kwa zamu, wapishi wa matanga na masufuria, wachimba kaburi na majembe. Sultani akatoka barazani, paja la kuku mkononi. Watu wakatimua mbio. Wachimba kaburi tu ndio waliobaki, wakimpima urefu kwa macho.

Mize akaitwa, na watu, walipojua kuna kesi, wakarudi mbio zilezile.

"Umeniua, Mize."

"Mimi sina cheo cha kuua, Maulana. Hata mbu siruhusiwi."

"Nani kalichapisha?"

Tovuti ile huweka kumbukumbu ya kila aliyebonyeza, na saa aliyobonyeza. Mize akaifungua, akaisoma kwa sauti. "Aliyeruhusu: Sultani Shekue. Saa saba na dakika kumi mchana."

Baraza likakohoa.

"Futa tangazo hilo, na jina langu."

"Sina ruhusa."

"Basi nitalifuta mwenyewe."

"Lifute, Maulana. Kumbukumbu itaandika: Sultani Shekue amejifufua."

Mtu mmoja akaangua kicheko, akajifanya anapiga chafya. Sultani akawaza, na yule akiwaza huwa hatari kwake mwenyewe. Akasema Mize apewe cheo cha juu sasa hivi, alibadilishe jina kwa mkono wake, lisomeke la Mize, kisha afunge virago. Akabonyeza mbele ya watu wote. Cheo kikahama.

Mize akapewa simu ya Sultani, akabonyeza mara moja, akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mbona vitufe sivioni?"

"Wewe sasa ni mwandishi, Maulana."

"Nakufukuza mji. Leo hii."

"Nimekusikia," akasema Mize. "Iandike vizuri, uitume. Nikimaliza kula nitaisoma."

Haya, kuna kipande nilikiruka. Ile tanzia niliiandika mimi. Nilitaka kujua kama Sultani huwa anasoma. Kwenye kumbukumbu, jina langu la mwandishi lilikuwa mstari wa juu ya lile la Sultani palepale, Mize akaliona, akaliruka, na nusura ahamishwe mji kwa ajili yangu. Jioni akanivua uandishi, basi. Ndiyo maana kisa hiki mnakipata mdomoni mwangu, kwenye tovuti hamjakikuta.