Ukungu Ulionuna

Ukungu haupimwi kwa ukungu. Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi mkabaki kunitumbulia macho, basi kaeni niwaambie ilikotoka. Asiyeamini asinikatize, asubiri amalize chai yake.

Huko milimani palikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana, Kwembago na Mazumbi, bonde katikati. Kila kijiji kilikuwa na ukungu wake. Ulilala mabondeni, ukaamka kabla ya watu, ukapanda polepole kunywesha njegere. Mvua ilikuwa mgeni tu. Mwenyeji alikuwa ukungu.

Siku moja akapita Singano, mwandishi wa gazeti, ndani ya gari. Akaandika: "Ukungu wa Kwembago ni mweupe kuliko wa Mazumbi. Ule hutua kama shuka, ilhali huu hujikokota kama moshi wa kuni mbichi."

Gazeti likasomwa kwa sauti mgahawani Mazumbi, dirisha wazi. Na ukungu, mnavyoujua, haubishi hodi. Ulikuwa dirishani, ukasikia yote. Kesho yake haukuja. Wala kesho kutwa. Njegere zikaanza kusinyaa.

Bi Mkufya, mjane mwenye shamba la mwisho juu, akatuma Singano aitwe. Alipofika, akamketisha kwenye benchi la mgahawa.

"Mwanangu, umeununisha ukungu wetu. Njegere zangu zikikauka, nahamia tambarare kwa mwanangu, nimwache marehemu peke yake hapa."

"Lakini mama, sikuutukana. Nilisema tu wa ng'ambo ni mweupe kuliko huu."

"Ukimwambia mkeo kwamba mke wa jirani anapika kuliko yeye, utakula wapi?"

"Kwa jirani," akadakia mwenye mgahawa, watu wakacheka.

Singano akatoa kalamu. Akaandika, akasoma dirishani: "Ukungu wa Mazumbi si mbaya kama ilivyodhaniwa." Ukungu ukachungulia mgongoni mwa mlima, ukarudi zake. Akajaribu tena: "Ukungu wa Mazumbi hauna tofauti na wa Kwembago." Loo, sasa hata ule wa ng'ambo ukanuna, ukaondoka. Vijiji vikabaki uchi. Watu wa huku wakawaona wa kule wakioga.

"Mama," Singano akasema, jasho likimtoka, "gazetini tunataka mizani. Bila hiki kuzidi kile, habari haina miguu."

"Wewe umewahi kukaa ndani yake?"

"Nilipita na gari."

"Basi andika, nikwambie."

Akamwambia kwamba ukungu wa Mazumbi huingia kwa mlango wa jikoni, ukazunguka chungu kama mtoto mwenye njaa. Hulowanisha ndevu za beberu. Mume na mke wakigombana uani, huwafunika mpaka wapatane. Na yeye mwenyewe akipalilia humo ndani, husikia jembe la pili likigonga kando yake, lile la marehemu, naye huongeza mwendo asiachwe nyuma.

Singano akaandika hivyo hivyo. Aliposoma, hakutaja kijiji kingine wala neno la kupima. Kabla hajamaliza, karatasi ikaanza kulowa. Akainua macho: benchi halionekani, watu hawaonekani, kitu laini kimemkalia magotini. Ndani ya weupe ule akamsikia Bi Mkufya akiondoka bila kuaga, jembe begani, akielekea shambani. Njegere zikanywa.

Kisha akavuka bonde, akakaa Kwembago siku nzima akiwasikiliza wenyeji, akaandika habari ya ukungu wao peke yake. Nao ukarudi.

Mhariri alipopata habari zote mbili akamuuliza, "Sasa wasomaji watajuaje upi mzuri zaidi?"

Singano, nywele bado mbichi, akajibu:

"Mzee, ukungu haupimwi kwa ukungu."